Solo Isiyo na Bendi

Kwa aliyekulia Tanzania, neno jazz lina utata wake. Morogoro Jazz, Western Jazz, Dar es Salaam Jazz, Nuta Jazz: zote zilikuwa bendi za dansi, na aliyelipa kiingilio hakwenda kukaa kitini na kufumba macho. Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, Franco na wenzake walianzisha OK Jazz mwaka 1956, nayo ilikuwa rumba tupu. Neno lilivuka bahari, mzigo wake ukabaki ng'ambo.

Neno solo nalo lilitufikia kwa namna yake. Kwetu solo ni cheo. Kuna gitaa la solo, la rithimu na la besi, na Mbaraka Mwinshehe alikuwa mpiga solo, maana yake alikuwa na watu nyuma yake wa kumtandikia njia. Mwambie mpenzi wa dansi kwamba kuna mtu anapiga solo tangu mwanzo hadi mwisho, hana rithimu, hana besi, hana ngoma, na hata haimbi. Atakuuliza kama bendi imegoma.

Mtu huyo yupo. Usiku wa tarehe 24 Novemba 2001, Pat Metheny, mpiga gitaa wa Marekani aliyezaliwa Missouri mwaka 1954, alikaa nyumbani kwake na gitaa moja la baritoni, lenye sauti ya chini kuliko la kawaida, na maikrofoni moja. Hakuwa anatengeneza albamu. Alikuwa anajaribu namna fulani ya kukaza nyuzi, na kila alichojaribu kikamvuta kwenda kwenye kingine. Mwaka 2003, baada ya kuongezewa vipande vichache, rekodi ile ikatoka kwa jina la One Quiet Night. Mwaka 2011 alirudi na What's It All About, nyimbo za watu wengine tupu. Mwaka 2024 akatoa MoonDial, safari hii kwa baritoni ya nyuzi za nailoni.

Albamu hizi tatu zimepewa sifa, tena nyingi, lakini nyingi kati ya hizo si zake. Zinaitwa muziki wa kutuliza moyo, wa kulalia, wa kusindikizia kitabu na kikombe cha chai. Hata tuzo ziliingia mtego huo: One Quiet Night ilishinda Grammy mwaka 2004, na What's It All About ikashinda mwaka 2012, zote mbili katika kundi la New Age, kapu ambalo Wamarekani hutupia muziki wa kutafakari, wa yoga na wa kukandwa mgongo. Kundi la jazz halikuzigusa. Mimi nadhani hapo majaji walipotea njia, na kosa lao ndilo kosa la wasikilizaji wengi, nikiwamo mimi siku za mwanzo.

Maana nikiri: mara ya kwanza sikusikia kitu. Nilikuwa kwenye daladala, Buguruni kuelekea Posta, simu nimeibana sikioni kwa sababu visikilizio vilikuwa vimekufa upande mmoja. Nilisikia gitaa linapigwa polepole, nikasubiri mambo yaanze, mpaka nikafika Posta bado nasubiri. Nikahitimisha kwamba mzee amechoka.

Aliyechoka alikuwa kipaza sauti cha simu. Uzi mnene kuliko wote wa gitaa lile hutetemeka mara 55 kwa sekunde. Kipaza sauti cha simu, kidogo kama ukucha, hakina ubavu wa kusukuma hewa kwa mwendo mpole kiasi hicho. Kinachotoka ni sauti ndogondogo za juu zinazozaliwa na uzi uleule, na ubongo unazichukua hizo na kubahatisha ile ya chini. Kwa singeli au bongofleva kubahatisha kunatosha, kwani ngoma zinakufahamisha besi iko wapi. Kwa gitaa moja lisilo na mwenzake, kupoteza besi ni kusikiliza mazungumzo ya simu ya jirani: unasikia upande mmoja tu, kisha unasema watu hawa hawana la kuzungumza. Tafuta visikilizio vizima au spika yenye kifua. Bila hivyo tutabishana bure.

Sasa tulitazame gitaa lenyewe, kwa sababu hapa ndipo uhondo ulipo.

Gitaa la kawaida lina uzi wenye urefu wa kama sentimita 65 kutoka kwenye daraja hadi juu ya shingo. La baritoni hufika 69, na mengine 76. Shingo ndefu, nyuzi nene, sauti inashuka. Uzi wa chini wa gitaa la kawaida hutoa noti iitwayo E, mitetemo 82 kwa sekunde. Wa baritoni ya Metheny ni A, ile 55 niliyoitaja. Kwa hiyo limekaa katikati ya gitaa tunalolijua na gitaa la besi, kama mjomba anayekaa baina ya baba na watoto, akisikilizwa na pande zote mbili. Marekani magitaa ya umeme ya sauti hii ya chini yalianza kuuzwa miaka ya 1950, kampuni ya Danelectro ikiwa miongoni mwa waliotangulia, na studio za Nashville zikayatumia kufuatisha besi noti kwa noti ili isikike vizuri redioni. Ilikuwa kazi ya kibarua. Hakuna aliyedhani gitaa hilo lingeketi peke yake jukwaani.

Na lilikuwa na sababu ya kutoketi. Chukua kodi ya kawaida kabisa (kodi ya gitaa, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, si ya TRA). Weka A na C iliyopandishwa nusu, majirani wawili ambao ukiwapiga juu, kwenye 440 na 554, wanapendeza kama ndugu. Wateremshe mpaka 55 na 69. Ghafla wanagombana. Mitetemo inapishana mara 14 kwa sekunde, na sikio halisikii noti mbili tena, linasikia mkwaruzo mmoja mzito, kama wazee wawili wa sauti nene wanaosemezana kwa pamoja katika chumba kidogo. Vidole vimeweka kodi sahihi, masikio yanapokea tope.

Hivyo mpigaji wa baritoni hana uhuru wa mwenzake. Sikiliza Joe Pass, mpiga gitaa wa jazz wa Marekani, kwenye albamu ya Virtuoso aliyoirekodi mwaka 1973 kwa gitaa la kawaida: anatembeza besi, anajaza kodi, halafu noti zinamwagika kama mchele kwenye sinia. Ni ufundi wa kutisha, nami naupenda. Lakini ukimwaga mchele huo kwenye baritoni utapata uji. Kila noti ya chini inakaa muda mrefu, inachukua nafasi, na ukiweka nyingine kabla haijaisha umechafua zote mbili. Upole unaosikika kwenye One Quiet Night si tabia ya mtu aliyetaka kutulaza. Ni sharti la chombo. Mpigaji anasubiri kwa sababu uzi bado unasema.

Lakini kusubiri peke yake hakufanyi muziki, na hapa Metheny alitoa jawabu ninaloliona kuwa bora kuliko noti yoyote aliyopiga usiku ule. Nyuzi sita za baritoni yake, zikiwa zimeshushwa nusu-hatua saba kutoka zile za gitaa la kawaida, ni A, D, G, C, E, A. Zile mbili za katikati, G na C, alizitoa akaweka nyembamba, kisha akazipandisha oktava nzima, yaani noti zilezile kwa mitetemo maradufu. Mbinu hii wanaijua Nashville, ingawa wao hupandisha nyuzi nne za chini zote. Metheny aliionja utotoni, kwa jirani mmoja huko Missouri aliyekuwa akipandisha hizo mbili tu. Ikalala kichwani mwake miaka mingi.

Hebu piga hesabu. Uzi wa C sasa uko kwenye mitetemo 262, juu ya uzi wa kwanza ambao ni A wa 220. Uzi wa tatu umekuwa juu kuliko wa kwanza! Aliyezoea gitaa anajua mkono ukishuka kuelekea nyuzi nyembamba sauti inapanda. Hapa inapanda, inaruka, inarudi chini. Nyuzi mbili nene zimebaki shimoni peke yake, zinapumua. Nne zilizobaki zimesongamana juu, E, G, A na C, karibukaribu kiasi kwamba zikilia pamoja zinatoa mng'ao wa aina ya kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi cha taarab, ile milio inayopakana bila kugusana. Umati umehamishiwa ghorofani na tope la chini limekauka. Mtu mmoja anapata besi, rithimu na solo, kila mmoja na chumba chake.

Msomaji anayejua muziki wa Kongo keshatabasamu. Wapiga gitaa wa Kongo, tangu enzi za miaka ya 1950, walikuwa na mtindo uitwao mi-composé: unatoa uzi wa nne, ule wa D, unaweka uzi mwembamba, unaukaza mpaka D ya oktava ya juu. Ndiyo siri ya magitaa yale yanayotiririka bila kishindo, vidole vichache noti nyingi, kila noti inasikika wazi katikati ya bendi yenye saksafoni na ngoma. Sidai kwamba Mmarekani aliiga, wala hakuwa na haja. Wote walikuta fundo moja, kwamba katikati ya gitaa pana giza, na kila mmoja akawasha taa kwa njia yake. Ila inanifurahisha kwamba jambo linaloelezwa na waandishi wa magitaa kama ugunduzi wa usiku mmoja wa mwaka 2001 lina shangazi yake Kinshasa.

Na tuna zaidi ya huyo shangazi. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, akizunguka Katanga na mitambo yake ya kurekodi, alimkuta Jadotville, sasa Likasi, kijana wa Bunkeya aitwaye Mwenda Jean Bosco. Masanga, kipande maarufu alichorekodiwa kijana huyo, ni gitaa moja la kawaida linalopigwa kwa dole gumba na kidole cha shahada. Gumba linabeba chini, shahada inabeba juu, na kila kimoja kina mwendo wake. Mtu akisikia mara ya kwanza huhesabu wapigaji wawili. Bosco aliimba kwa Kiswahili, na wazazi wetu wengi wa Afrika Mashariki walimjua kwa nyimbo hizo, lakini Masanga lenyewe halihitaji maneno ili kukushika.

Namleta Bosco kwa sababu anatupa masikio. Msikilizaji wa Masanga hujifunza bila kufundishwa kwamba gumba lina habari yake. Unaweza kuufuata wimbo mzima kwa gumba tu, kisha ukarudia kwa shahada tu, ukapata nyimbo mbili. Fanya vivyo hivyo kwa Metheny. Kipande cha kwanza cha One Quiet Night, chenye jina la albamu, nakifuata chini kwanza. Nafuata nyuzi mbili nene peke yake na kuona ni mara ngapi anaziacha. Anaziacha sana. Besi haipo kwa sekunde kadhaa, halafu inaingia mahali ambapo mguu ulikuwa haukuitarajia, na yale yaliyokuwa yakilia juu yanabadilika maana bila yenyewe kubadilika. Noti ileile ya juu, ikiwa imesimama juu ya A, ni ya nyumbani. Besi ikihamia kwingine, noti hiyohiyo inakuwa mgeni. Hiyo ni jazz. Uamuzi unafanywa mbele yako, papo hapo, na hakuna mpiga ngoma wa kuuficha ukikosea.

Wanaoiweka kwenye kapu la kukandwa mgongo wana hoja yao, na si ya kupuuzwa. Wanasema jazz ina bembea yake, ile kutambuka kwa mapigo, na hapa haipo. Wanasema kodi nyingi ni za kawaida, nyimbo nyingine ni za redio. Ni kweli Don't Know Why, wimbo wa Jesse Harris ambao Norah Jones aliufanya uimbwe kila saluni mwaka 2002, umo ndani ya One Quiet Night. Ferry Cross the Mersey nao umo, wimbo wa vijana wa Liverpool wa miaka ya 1960. Lakini Waamerika wa jazz wamekuwa wakichukua nyimbo za redio na za maonyesho tangu enzi za babu zao. Nyimbo nyingi wanazoziheshimu leo zilikuwa za maonyesho ya Broadway. Swali ni mpigaji anafanya nini akishauchukua.

Chukua Last Train Home. Metheny aliurekodi kwanza mwaka 1987 na kundi lake, katika Still Life (Talking), na pale ngoma inapigwa kwa brashi mfululizo kama magurudumu ya reli, gitaa la sauti ya sitara, chombo cha nyuzi cha Kihindi, likipaa juu yake. Ni wimbo wa watu wengi na vifaa vingi. Kwenye One Quiet Night treni yote inabebwa na mkono wa kulia. Hakuna brashi, hakuna sitara. Mkono unakung'uta bila kupumzika, na ndani ya mkung'uto huo inabidi uichomoze melodia kwa kukaza kidole kimoja zaidi ya vingine, kwenye gitaa ambalo uzi wa juu haupo pale mkono unapotegemea. Anayefikiri hiyo ni kazi ya kupumzika ajaribu, hata kwa wimbo wa chekechea.

Kwa upande wangu malalamiko ni mengine, na ni ya msikilizaji anayependa. Nyuzi za A na D zikiachwa wazi zinatoa besi nzuri mno, kiasi kwamba mpigaji anavutwa kurudi hapo kila mara, kama mtu anayepita njia ileile kwa sababu ina kivuli. Vipande vitano mfululizo na chumba kinaanza kuwa kimoja. MoonDial ndiyo inayoumia zaidi. Nailoni imempa sauti ya binadamu, laini, isiyo na ule ukali wa chuma. Kupata tu nyuzi za nailoni zinazoweza kuhimili mkazo wa aina hiyo kulimpeleka mpaka kwa Magma, watengenezaji wa Argentina. Here, There and Everywhere ya Beatles anaipiga vizuri mpaka unasahau maneno yake. Lakini dakika nenda dakika rudi mwendo ni uleule, na mimi huisikiliza kwa mafungu, leo nusu, kesho nusu. Albamu ya 2011 ina afya bora kwa sababu ndani yake kuna Pipeline, wimbo wa wapanda mawimbi wa California, ambao anaupiga kwa hasira. Ghafla unakumbuka kwamba gitaa peke yake lina misuli. (Albamu hiyo inafunguliwa na The Sound of Silence kwa Pikasso, gitaa la nyuzi 42, na kufungwa na And I Love Her kwa gitaa la nailoni la kawaida. Vyote ni vizuri. Kwenye hoja ya leo vimedoea.)

Pikasso na baritoni zile zilitoka kwa mikono ya mtu mmoja, Linda Manzer, fundi wa magitaa wa Kanada. Jina lake huandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya jalada, na hilo halinipendezi. Shingo ikirefushwa, mbao lazima zihimili. Nyuzi mbili zikikazwa kwa namna isiyo ya kawaida, mvuto juu ya gitaa unabadilika. Uzi wa 55 usipopewa tumbo la kutosha unatoa mgoto badala ya noti. Wakati maikrofoni ilipowashwa usiku ule wa Novemba, nusu ya kazi ilikuwa imeshafanyika kwenye karakana. Kule kwetu tunamtaja mpiga ngoma na kumsahau aliyewamba ngozi. Kumbe ni ugonjwa wa dunia nzima.

Ndiyo maana siku hizi ninawashwa na wazo moja. Tuna wapiga gitaa kwenye bendi za Dar es Salaam ambao mi-composé kwao ni jambo la kawaida, na wenye gumba linalojua njia yake bila kuelekezwa. Wakilegeza gitaa la kawaida mpaka A, nyuzi zinalegea na kupiga makelele juu ya freti, vile vyuma vya shingoni. Hilo wameshalijaribu, wakaacha. Kinachokosekana ni shingo ndefu. Na mbao tunazo: mninga tunatengenezea makabati, mpingo tunauza ukawe klarineti Ulaya.

Juzi nilipita Keko kwa fundi mmoja wa samani ninayemfahamu, nikamchorea kwenye kipande cha boksi: sentimita 72, nyuzi sita, tumbo pana. Akakigeuza mara mbili, akapima kwa macho, akaniuliza kama ni cha kuegemeza kitandani au cha kabatini. Nikamwambia ni gitaa. Akasema nimletee lile fupi kwanza alione.